Nedra Slone, fundi matairi aliyeushtaki mji wake kwa ajili ya ubao

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu bado umelalia vilima vya Bascom Fork, na Nedra Slone amesimama kwenye nyasi zenye umande mbele ya gereji ya matairi, shingo kaikunja nyuma, mikono kaiinua juu. Ameshika fimbo ndefu kuliko mlango, na kwenye ncha yake kuna kikombe cha mpira cha kunyonya. Kikombe kimenasa herufi nyeusi ya plastiki. Anaipandisha taratibu, anailenga kwenye mfereji wa ubao wa matangazo ulio juu ya nguzo, anaisukuma, kisha anavuta fimbo kwa mkupuo mmoja. Herufi inabaki juu.

"Siku ya upepo kazi hii ni kama kumnyang'anya paka samaki," anasema bila kugeuka.

Lori la magogo linapita na dereva anapiga honi. Nedra anamjibu kwa kiwiko, maana mikono haina nafasi. Akimaliza, anarudi nyuma hatua chache na kuusoma ubao kama mtu anayekagua shuka alilotandika: HERI YA MIAKA TISINI BIBI OPAL. MAJI BADO YA KAHAWIA.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la fanicha la Denzil Fugate, upo ubao mwingine wa aina hiyo hiyo. Huo umekuwa ukisema jambo moja tangu Jumatatu: BWAWA LIMEFUNGWA. MSHUKURUNI NEDRA.

Anausoma huo pia, kama anavyousoma kila asubuhi, halafu anaegemeza fimbo ukutani na kuingia ndani kuchemsha kahawa kwa maji ya chupa.

"Denzil anajua kuandika kwa ufupi," anasema. "Hilo sitamnyima."

Leo mchana mkaguzi wa mji atapita hapa gerejini. Ameshamwambia Nedra kwamba akilalamika tu, kwa neno moja, ubao wa Denzil Fugate utang'olewa kabla jua halijazama. Na mji mzima, watu wasiofika elfu mbili kwenye bonde hili la mashariki mwa Kentucky, unangoja kuona. Mwanamke aliyekwenda hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho kudai haki ya kuandika anachotaka, atafanya nini na jirani aliyeandika anachotaka juu yake?

Nedra ana miaka hamsini na minane na mabega ya mtu aliyebeba ringi nyingi. Zamani alikuwa mshonaji. Alishona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi kwenye kiwanda cha hapa mjini mpaka kiwanda kilipofungwa, na mashine zikapakiwa kwenye malori mbele ya macho ya waliozitumia. Wiki ile ile aliingia gereji ya Arvil Caudill kuziba pancha, akatoka na kazi.

"Nilimwajiri ajibu simu," anasema Arvil, mzee wa miaka sabini na saba ambaye bado anakuja kila siku kukaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa na kugeuzwa kochi. "Mwezi wa pili nikamkuta chini ya lori la makaa ya mawe anafunga ekzosi. Namuuliza, simu nani anajibu? Akaniambia, mzee, imeacha kulia."

"Ilikuwa imekatwa," anadakia Nedra. "Ulikuwa hujalipa."

Mshahara wake ni dola kumi na tano kwa saa. Kwa hesabu hiyo, na kwa bei ya maji ya chupa ambayo kila nyumba hapa hununua, hakuna anayedhani Nedra alikwenda mahakamani kwa kuwa alikuwa na fedha za kuchezea.

Ubao aliukuta. Arvil alikuwa akiandika bei za matairi tu. Kisha bibi mmoja akaomba mumewe aandikiwe heri ya kuzaliwa, na Nedra akaandika. Wiki iliyofuata wakaja wawili. Ikawa desturi. Timu ya shule ikishinda, ubaoni. Mtoto akizaliwa, ubaoni. Kuna kijana aliyemchumbia mpenzi wake hapo. Msichana alisimamisha gari katikati ya barabara, akaingia gerejini na uso mkavu, akauliza kama kuna matairi ya bei nafuu ya nyuma, kisha akasema, "Na huyo mwambie ndiyo."

Bascom Fork ina mbao za namna hii kila kona. Kanisa la Wabatisti lina wa kwake, duka la chakula cha mifugo lina wa kwake, nyumba ya mazishi ina wake mdogo wenye adabu. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa na herufi za kutosha. Kwa Kiingereza herufi E ndiyo huisha kwanza, ikifuatwa na A na T. Basi miaka yote watu wameazimana. Mchungaji akitaka kuandika habari za moto wa jehanamu, anapita gerejini na ndoo kuomba E. Nedra akitaka kuwapongeza wahitimu wa sekondari, anakwenda kwa Denzil na kreti.

"Ilikuwa hivi," Nedra anaeleza. "Huulizi mtu anataka kuandika nini. Unauliza atarudisha lini. Ukimuuliza anaandika nini, umemvunjia heshima."

Denzil Fugate alisoma naye darasa moja. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akiuza vitanda, makochi na majokofu ng'ambo ya barabara, na ubao wake umesimama pale pale muda wote huo. Pia alikuwa mjumbe wa halmashauri ya mji. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Miaka mitatu iliyopita maji ya bomba yalianza kutoka na rangi ya chai. Halmashauri ilisema ni kutu kidogo, haina madhara, watu wafungulie bomba mpaka yatakate. Watu wakafungulia, bili zikapanda, maji yakabaki chai. Asubuhi moja Nedra akaandika: HAPA TUNABADILI OILI KWA PESA. MJI UNAKULETEA BOMBANI BURE.

Mji ulicheka wiki nzima. Akaandika nyingine: MEYA, KARIBU GLASI MOJA.

Hiyo ya pili ofisi ya mji haikuicheka. Halmashauri ilikaa na kupitisha sheria ndogo kuhusu mbao za barabarani. Ubao wa biashara ungeruhusiwa kubeba bei za bidhaa, salamu, matangazo ya dini na habari za michezo. Kitu kingine chochote kiliitwa "maoni", na maoni yalihitaji kibali cha ofisi ya mji. Aliyeisoma sheria hiyo kwa sauti mkutanoni, kifungu kwa kifungu, alikuwa Denzil.

"Yaani niende kuomba ruhusa ya kuwatania kwa hao hao ninaowatania," anasema Nedra, na mpaka leo anatikisa kichwa. "Nikamwambia Denzil, kwani wewe ulipoandika magodoro yako ni laini kuliko ulimi wa wakwe, hiyo ilikuwa bei au salamu?"

Hakuomba kibali. Faini ikaanza kuhesabiwa kwa siku, dola hamsini kila jua likichomoza na ubao ukiwa haujabadilishwa. Kufika Krismasi deni lilikuwa limepita thamani ya kila kitu kilichomo gerejini pamoja na jeki.

Lakini faini haikumuuma kama habari ya herufi. Mchungaji aliacha kuja na ndoo. Mwenye duka la chakula cha mifugo alimwambia, akitazama viatu vyake, kwamba herufi zake zote zinatumika. Denzil alivuka barabara mwenyewe akiwa na sanduku, akaliweka mezani. "Hizi zako," akasema. "Naomba za kwangu." Wakagawana herufi kama watu wanaoachana wanavyogawana sufuria, wakiwa wima, bila kutazamana.

Arvil naye alibanwa. Alidokezwa kwamba leseni ya gereji itatazamwa upya. Nedra alimwendea akamwambia ataacha kazi, ili mzee abaki na biashara yake.

"Nikamuuliza, na lori la mteja wetu Hobart nani atalishughulikia?" anasema Arvil. "Akasema, sijui. Nikamwambia basi hujaacha kazi. Rudi chini ya lori."

Aliyeichukua kesi ni wakili Corinne Abell, kutoka chama kimoja cha kutetea haki za raia kilichoko mji mkuu wa jimbo. Alikuja na gari dogo lenye tairi moja kipara, na kabla hajaeleza lolote kuhusu Katiba, Nedra alikuwa ameshalifungua tairi.

Kwa jaji wa kwanza walishindwa. Jaji alisema sheria ile ni ya unadhifu na usalama barabarani, na mji una haki ya kutunza sura yake. Siku ile Nedra alirudi, akashusha maneno yote ubaoni, akaacha mifereji mitupu. Watu wanasema ule ubao mweupe ulitisha kuliko maneno. Ulikaa hivyo siku mbili. Siku ya tatu ukasema: HERI YA KUZALIWA KATIBA.

"Hiyo ilikuwa salamu," anasema Nedra. "Wanitoze faini waone."

Rufaa ilisikilizwa kwenye mji mkubwa, mwendo wa saa nne na ushee kwa gari. Nedra alivaa gauni la dada yake. Mlangoni walinzi walipekua mkoba wake wakakuta kipima upepo cha tairi.

"Mama, hii ni silaha?" mlinzi akauliza.

"Kwa tairi mbovu, ndiyo."

Walikizuia mpaka alipotoka.

Anasimulia chumba kile cha mahakama kwa sauti ya chini kidogo. Majaji watatu walikaa juu, na mbele ya mawakili kulikuwa na taa za kijani, njano na nyekundu za kuwaonyesha muda unavyokwisha. "Kama barabarani," anasema. "Nikajua hapa hata wenye suti wanafuata taa."

Wakili wa mji alisema vizuri. Alisema sheria haimkatazi mtu kusema, inapanga tu nini kikae wapi. Salamu zinapendeza, maoni yanagombanisha, na dereva anayesoma ugomvi anaweza kuacha njia. Ndipo jaji wa katikati, mama mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, akavua miwani.

"Wakili, nisaidie," akasema. "Kama bibi Slone angeandika 'Maji yetu ni matamu', angehitaji kibali?"

"Hapana, mheshimiwa. Hiyo tungeihesabu kuwa salamu."

"Na akiandika 'Maji yetu ni mabaya'?"

Wakili alitazama karatasi zake. Taa ilikuwa ya njano.

"Hayo yangekuwa maoni, mheshimiwa."

Nedra anasema hakuna aliyecheka. Alisikia tu kalamu ya mtu ikiwekwa mezani. Corinne alimshika goti chini ya meza kwa nguvu, na alama ya vidole ilikaa mpaka wakafika nusu ya njia ya kurudi nyumbani.

Hukumu ilitoka mwezi wa nne mwaka huu. Majaji walisema mji unaweza kupanga ukubwa wa mbao, urefu wake, taa zake na umbali wake kutoka barabarani, mradi kanuni iwe moja kwa wote. Kuchambua maneno yaliyomo, haya yapite na haya yaombe ruhusa, mji hauwezi. Jaji mmoja hakukubaliana na wenzake kuhusu faini, lakini wawili walitosha. Faini zilifutwa, na mji ukaamriwa ulipe gharama za wakili.

Corinne alipopiga simu, Nedra alikuwa ameshika nati mdomoni. "Sema tena," alimwambia alipozitema. Arvil aliinuka kwenye kochi lake la gari, akatoka nje, akasimama chini ya ubao kwa muda mrefu. Aliporudi, akifuta macho, alisema kuna mavumbi.

Jioni hiyo magari yalipita yakipiga honi. Mchungaji alikuja na ndoo. Hakuomba msamaha, aliomba E nane, na Nedra akampa kumi.

Ila Denzil hakuja. Alijiuzulu halmashauri, na ubao wake ukakaa mwezi mzima na bei za magodoro tu. Halafu mji ukatangaza kwamba gharama za wakili zitatoka kwenye fungu la bustani na michezo, na kwa hiyo bwawa la kuogelea la mji halitafunguliwa msimu huu. Kesho yake akaandika maneno yake manne.

Yamemuuma. Nedra hafichi. Msimu wote wa joto alipokuwa na miaka kumi na saba alikaa kwenye kile kiti kirefu cha bwawa, filimbi shingoni, akiwachunga waogeleaji. Nusu ya watu wazima wa mji huu walijifunza kuogelea mbele ya macho yake.

"Denzil mwenyewe nilimfundisha mimi," anasema. "Alikuwa anapiga maji kama kuku aliyetumbukia pipani."

Tangu Jumatatu kuna wanaomtazama vingine. Dukani, mama mmoja mwenye watoto watatu wenye joto na hasira alimwuliza kama sasa ameridhika. Nedra alimjibu kwa swali: bwawa lingejazwa maji gani, hayo ya chai? Mwaka jana hata vyura walikuwa wanaona haya kuingia. Ni kweli kwamba bwawa lilishafungwa mara mbili mwaka uliopita kwa sababu ya maji. Lakini ni kweli pia kwamba safari hii limefungwa kwa sababu ya fedha, na fedha hizo zimekwenda kwa wakili wa Nedra. Yeye mwenyewe analisema hilo kabla hujamuuliza.

"Kwa hiyo hajasema uongo," anasema, akipuliza kahawa. "Amesema nusu. Na mimi nimesema nusu nyingi kwenye ubao ule. Nafasi ni ndogo."

Mchana unafika na Tanner Ison, mkaguzi wa mji, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na futi ya chuma kiunoni. Anavua kofia mlangoni. Arvil anajisogeza kochini apate kuona vizuri.

"Shikamoo, Mama Nedra. Mzee Arvil, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kahawa?"

"Nashukuru, nimekunywa." Anagusa futi kiunoni. "Mama, nimeshapima. Ubao wa bwana Denzil uko karibu na barabara kuliko kanuni inavyotaka. Futi mbili. Ukilalamika kama jirani, naung'oa leo leo. Na wala siyo maneno yake, eh? Ni kipimo tu. Korti imeruhusu vipimo."

"Mseme," anasema Arvil kutoka kochini. "Ung'olewe. Nataka kuuona uso wake."

Nedra anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akitazama dirishani. Ng'ambo, ubao wa Denzil unawaka jua.

"Tanner, ule ubao una miaka mingapi pale?"

"Sijui, mama. Nimezaliwa nimeukuta."

"Umezaliwa umeukuta. Na ulianza lini kuwa karibu na barabara?"

Kijana anatazama kofia yake.

"Jumatatu," anasema.

"Jumatatu." Nedra anacheka, siyo kwa ubaya. "Basi kapime wote. Anza na wa kanisani, uko karibu na barabara hata kuku anaugonga. Kapime wa nyumba ya mazishi. Kapime huu wangu. Ukimaliza mbao zote za mji huu, uje uniambie ngapi tunang'oa. Ukitaka kumpima Denzil peke yake, kwangu hupati neno."

"Ofisini walidhani utafurahi, mama."

"Najua walidhani. Ndiyo maana nilikwenda mahakamani."

Tanner anavaa kofia. Mlangoni anageuka, anapunguza sauti. "Mimi mwenyewe nilisema huu ni upuuzi," anasema, "ila hayo ni maoni."

"Nenda, mwanangu, kabla sijakutoza faini."

Gari la mji linaondoka bila kung'oa kitu, na barabara yote inaliona likiondoka. Arvil amenuna.

"Miaka miwili wametunyonga," anasema. "Umepewa kamba mkononi, unairudisha."

"Mzee, kamba ni ile ile. Leo ingekuwa shingoni kwa Denzil. Kesho ingerudi huku."

"Ningefurahi leo, kesho ningejua la kufanya."

"Kula maharage yako," anasema Nedra, na anamsogezea bakuli na kipande cha mkate wa mahindi.

Haipiti saa moja, pikapu ya duka la fanicha inavuka barabara, mwendo wa kurusha jiwe, na kuingia gerejini. Denzil Fugate anashuka. Ni mtu mnene, mwenye mikanda ya suruali mabegani na uso wa mtu aliyejibizana na kioo asubuhi.

"Tairi la mbele," anasema. "Linapoteza upepo."

Nedra anachuchumaa na kipima upepo chake, kile kile kilichokamatwa mahakamani. Anapima. Anapima tena.

"Tairi hili ni zima, Denzil."

"Lilikuwa linapoteza."

"Labda limeona aibu likaacha."

Arvil ameacha kutafuna. Denzil anatazama rafu za matairi kana kwamba anahesabu, kisha anasema kwa haraka, kama mtu anayeng'oa plasta.

"Nina upungufu wa herufi."

"Nimeona. Nikadhani umejifunza kuandika kwa ufupi."

"Ufupi gani. Tulipogawana nilibaki na mkono mtupu. Nina E tatu tu, na moja ina ufa." Anajikuna shingo. "Nataka kuandika zaidi."

"Juu yangu?"

"Juu yako."

"Mshenzi wee," anasema Arvil kutoka kochini, kwa sauti tulivu kabisa.

Nedra anasimama, magoti yakilia. Anakwenda nyuma ya kaunta, anaburuta kreti la mbao mpaka katikati ya sakafu, na kupiga goti tena. Anaanza kuchambua. Herufi zinagongana kama sahani. Anatoa E, anatoa A, anatoa alama ya kuuliza aliyoitunza kwenye kitambaa kwa kuwa ni mbili tu mji mzima.

"Unazitaka ngapi?"

Denzil anamtazama. "Hutaki kujua naandika nini?"

"Umeshasahau? Hiyo haiulizwi. Utarudisha lini?"

Denzil anainama kwenye kreti. Anaishika ile alama ya kuuliza kiganjani, anaigeuza.

"Baada ya Jumanne," anasema. "Na Nedra, mimi bado naona ulikosea."

"Na mimi bado naona unauza magodoro mabovu. Shika, nikushikie mlango."

Kesho yake asubuhi ukungu ni ule ule. Nedra anafika kabla ya Arvil, anachukua fimbo yake, anatoka nje na kusoma ng'ambo kabla hajagusa cha kwake. Ubao wa Denzil umejaa mpaka pembeni: BWAWA LIMEFUNGWA. NEDRA ANA MAJIBU? MKUTANO WA MJI JUMANNE. NJOONI TUMWULIZE.

Ni maneno yaliyopangwa vizuri, mistari minne imenyooka. Lakini kwenye jina lake pana pengo. Herufi moja haikukaa sawasawa mferejini, na usiku imeanguka. Ile E yenye ufa. Inaonekana kwenye nyasi chini ya nguzo, nyeusi juu ya umande.

Nedra anatazama kushoto na kulia. Anavuka barabara na fimbo yake begani. Anaiokota E, anaifuta kwenye suruali, anautazama ule ufa, kisha anaitia mfukoni na kutoa nyingine, nzima, aliyokuja nayo. Anaibandika kwenye kikombe cha mpira, anaipandisha, anailenga, anasukuma, anavuta.

Jina lake sasa linasomeka hata kutoka kwenye lori linalokimbia.

"Kama mtu anakusema," anaeleza akirudi, "angalau asomeke. Nusu ya ugomvi wa mji huu ni watu waliosoma nusu."

Jumanne atakwenda. Hajawahi kuukosa mkutano wa mji tangu maji yabadilike rangi, ila safari zote hizo ukumbi ulikuwa na watu tisa, kumi, na mbwa wa meya. Safari hii, kwa hisani ya Denzil, anatarajia ujae. Amepanga kueleza fedha za bwawa zilikwenda wapi, senti kwa senti, bila kujificha. Kisha amepanga kuuliza fedha za mabomba zilikwenda wapi. Ana jagi kubwa la kioo, la mama yake, ambalo atalijaza kwenye bomba la ukumbi ule ule, mbele ya wote.

Mwisho kabisa anataka bwawa lifunguliwe. Anasema atakaa mwenyewe kwenye kile kiti kirefu, bila malipo, kama kitambeba. "Na ubao wangu ubaki na siku za kuzaliwa tu," anasema. "Nikose la kusema. Nitafurahi sana nikikosa la kusema."

Anageukia ubao wake. Kreti liko miguuni, na halina kitu cha maana, maana zilizo nzuri zote ziko ng'ambo ya barabara. Anachagua humo kwa muda, anashusha habari za Bibi Opal na za maji, na anapandisha zilizobaki moja baada ya nyingine. Arvil anafika wakati ya mwisho inaingia mferejini. Anasimama kando yake, anakunja macho, anasoma.

NITAKUWEPO. LETENI GLASI.

"Fupi," anasema Arvil.

"Inatosha," anasema Nedra, na wanaingia ndani kufungua gereji.